Siku ya Kumi na Tisa

Kalenda ya bucha la Mzee Rafiq, hapa Foleshill,
ina mbuzi mpya kila mwezi.
Nimeibandika mlangoni mwa friji,
na kila nikiona siku zangu
namzungushia mbuzi duara jekundu.
Januari hadi Julai, duara saba.
Shekue akija kutafuta maziwa
huzitazama, hafungui kinywa.

Tulijua kumi na nne.
Nani asiyejua kumi na nne?
Nilifundishwa Same, darasa la saba,
na Mwalimu Mbwambo, aliyeiandika ubaoni
akaifuta upesi kabla wavulana hawajacheka.
Nikaja nayo Coventry ndani ya sanduku
pamoja na kitenge cha kubebea mtoto.

Basi usiku huo ukifika
Shekue alikuwa akioga mara mbili, akizima simu,
nasi tukakutana kama watu wanaolipa bili ya gesi:
kwa wakati, kamili,
tusidaiwe.

Nesi Bronwen aliwahesabu mbuzi wangu kwa ncha ya kalamu.
"Mzunguko wako ni siku thelathini na tatu," alisema.
"Hiyo kumi na nne ni ya mtu mwingine."
Akanieleza kuwa hesabu huanzia mwisho:
shika damu ijayo, rudi nyuma wiki mbili hivi,
hapo ndipo yai linapoachiliwa.
Kwangu mimi kumi na tisa, au jirani yake,
maana mwili hausaini mkataba.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu hangoji jembe.
Yai hukaa nusu siku, siku nzima likizidi,
halivui hata viatu.
Wenye subira ni wale wa Shekue:
siku tatu, pengine tano,
ute ukiwalea.
Kwa hiyo watangulize wao, wakae sebuleni wangoje.
Siku mbili kabla, siku moja kabla, siku yenyewe,
hapo nafasi imenona.
Kesho yake mlango umekwisha komewa.

Miezi saba tumebisha hodi mapema,
tukachoka,
tukaenda kulala nyumba ikikaribia kufunguliwa.

"Na hata siku iliyo bora," Bronwen akavua miwani,
"mara nyingi hakuna kitu. Hata kwa vijana. Hata kwa wazima."
Sikujua nishukuru au nikasirike.
Nilidhani mimba ni swichi.
Kumbe ni bahati nasibu, na tiketi zauzwa siku sita tu.

Mama mkwe kapiga simu toka Lushoto:
"Huko Ulaya baridi imegandisha nini?"
Nikamwambia mama, ni Agosti, tuna jua.

Jumanne, chooni kazini, nyumba ya wazee,
ute ukavutika kati ya vidole kama wa yai bichi
nikacheka peke yangu
mpaka Bibi Doreen akagonga kwa mkongojo
kuuliza kama nimezama.

Shekue alikuwa Carlisle,
na vigae tani kumi na nane vya kushusha Glasgow.
"Lini?"
"Leo. Kesho. Keshokutwa tusisumbuane."
Nikasikia waipa za lori zikifuta mvua.
"Zbigniew atanipokea," akasema.
"Nimemwambia bomba limepasuka nyumbani."

Alifika saa nane usiku
ananuka dizeli na vitunguu.
Hakuoga hata mara moja.

Leo ni ya thelathini na sita.
Mbuzi wa Agosti hana duara.
Kipimo kimo drooni, chini ya kitenge, sijakigusa;
mzunguko nao hujua kuchelewa bila sababu.
Shekue kachukua maziwa, kafunga friji,
bado kasimama pale na chupa mkononi,
chai yake inapoa,
anamtazama mbuzi.